Lifti Namba Mbili, Unaitwa Mapokezi

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Cheo kimekaribia. Nakisikia kinapumua.

Mkuu wa ofisi alitukusanya asubuhi, watu sita na kiyoyozi kibovu, akatangaza kwamba Ijumaa timu yetu ya programu itapata kiongozi. Hatachagua kwa umri wala kwa maneno matamu, alisema. Atatazama ile skrini ya ukutani, inayoonyesha vifurushi vya programu tulivyoandika na kila kimoja kinatumiwa kiasi gani na wengine. Ambaye kazi yake inategemewa zaidi, huyo ndiye. Nikapiga makofi. Nikagundua napiga peke yangu. Nikaacha.

Lazima nikipate. Si tamaa. Ni kwamba mwezi uliopita nilimwambia mama mkwe kwenye simu kuwa ninacho tayari. Mdomo uliponza kichwa. Alikuwa akimsifu mkwewe mwingine, yule mwenye duka la vioo. Vioo vyake, gari lake, adabu yake. Masikio yakanichemka. Nikajikuta nimesema: mama, na mimi sasa ni kiongozi wa timu. Akasema vizuri sana, atakuja kuona.

Anafika Alhamisi. Ijumaa anataka nimlete ofisini. Na huyu si mama wa kudanganywa kirahisi. Alikuwa karani wa mahakama mpaka alipostaafu. Swali moja huliuliza mara tatu kwa sura tatu, kisha hukaa kimya akilinganisha majibu.

Mke wangu anajua ukweli. Amesema hatanisaidia wala hatanichongea. Atakaa atazame, kama watu wanavyotazama mpira.

Mpinzani ni mmoja tu: Miwani. Ofisi nzima tunamwita hivyo kwa sababu anazo mbili, moja ya kusomea na nyingine ya kuitafutia ile ya kwanza. Mwanamke mpole, msaidizi, hana majivuno. Ndiyo maana ni hatari.

Kazi yenyewe ni hii. Tumepanga ghorofa ya nne, na mwenye jengo anataka kila kitu cha jengo kiitwe kutoka kompyuta ya mapokezi: lifti, taa za ngazi, fundi bomba, mlinzi, kengele ya moto. Miwani ameandika fanksheni iitwayo ita, yaani kipande cha programu cha kuita. Si kimoja. Ni vingi, vyote jina moja. Kuna ita inayopokea Lifti, kuna inayopokea Taa, kuna inayopokea Fundi. Lugha yetu ya programu inashika sana mambo ya aina: kila kinachoingia lazima kijulikane ni aina gani. Kompaila, ile programu inayokagua tulichoandika kabla mashine haijakikubali, hutazama umeipa nini, kisha huchagua ita inayohusika. Ukiipa Lifti, lifti inateremka. Ukiipa Fundi, simu ya fundi inalia.

Kazi ya punda. Wiki tatu anaandika ita ya hiki na ita ya kile. Mimi nitaandika moja tu, inayopokea chochote. Katika lugha hii kila kilichopo ni Kitu. Lifti ni Kitu, fundi ni Kitu, hata Mkuu ni Kitu. Ita yangu itapokea Kitu. Itaimeza ofisi nzima!

Nimeshaiandika. Imechukua muda wa kunywa chai. Inapokea kitu, inasoma jina lake kamili kama lilivyoandikwa, inalitangaza kwenye spika za jengo mara mbili, halafu inajibu "sawa". Inajibu "sawa" kila mara. Sipendi programu zenye kulalamika.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Kifurushi nimekipa jina: Nguzo. Jina zito. Linasimama lenyewe.

Kwetu, ukitaka kutumia kazi ya mwenzako, unaandika juu kabisa ya faili lako kwamba unaiagiza kutoka kifurushi chake. Kwa hiyo nikazunguka meza hadi meza na pakiti ya biskuti, nikimwomba kila mmoja aagize ita ya Nguzo, aiweke chini ya ita ya Miwani. Waliagiza wote. Biskuti hufanya yasiyofanywa na hoja.

Nikakaa mbele ya skrini. Kifurushi cha Miwani kinapanda. Nguzo, sifuri. Nikaigonga skrini ubavuni. Sifuri.

Ikabidi nimuulize Miwani mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayepitisha muda. Akaeleza kwamba kompaila ikikuta ita mbili zinazofaa, huchagua ile inayokijua kitu kwa karibu zaidi. Yako, alisema, inaikubali lifti kwa sababu inakubali chochote. Yangu inaikubali kwa sababu ni lifti. Yako itapata kazi pale tu ambapo hakuna mwingine. Akasifu biskuti. Nikamwambia nilikuwa najua, nampima tu.

Nimehamishia kikombe chake rafu ya juu kabisa. Alasiri akaniomba nimteremshie, kwa kuwa mimi ni mrefu. Nikamteremshia. Sikuliwazia hilo vizuri.

Nyumbani, bomba la jikoni linavuja na mke wangu amempigia fundi. Nikaumia. Nikamuuliza kwa nini afuatwe mtu wa nje wakati ndani kuna mwanamume anayeweza chochote. Akasema ndiyo sababu, anatafuta anayeweza bomba. Nikachukua spana kabla fundi hajafika.

Sasa jikoni kuna ndoo tatu na zulia limeanikwa uani. Fundi alipofika akauliza nani aliyeligusa bomba. Nikasema mpangaji wa zamani. Mke wangu akamwambia katika nyumba hii hatukutanguliwa na mtu.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimeamka na dawa. Kama kompaila inampenda anayekijua kitu kwa karibu, basi nami nitakijua kwa karibu. Kabla wenzangu hawajafika nikaongeza ndani ya Nguzo ita ya Lifti, ita ya Taa, ita ya Fundi, zote kwa umbo lilelile la Miwani. Ndani yake zote zinaelekea spika ileile. Sikuona haja ya kujichosha. Nikazipandisha kwenye ghala letu la pamoja la programu, nikatengeneza kahawa, nikakunja nne.

Ofisi ikasimama.

Kompaila ilikuta ita mbili za Lifti, zote zimeagizwa kwa jina, zote zinalingana sawasawa, ikakataa kuchagua. Ikamwandikia kila mtu kwa maandishi mekundu: wito huu una utata. Hakuna aliyeweza kuendelea na chochote. Mkuu akatoka chumbani kwake na kijiko mkononi, akauliza kuna nini. Nikasema huenda ni joto.

Hakunisikiliza. Alikuwa akitazama viti. Viti vyote vinne vilikuwa vimegeuka kumwelekea Miwani, hata kabla hajasema neno. Cha kwangu kilikuwa cha tano, nakiri, lakini kile kina kasoro ya kuzunguka chenyewe.

Miwani aliliona tatizo upesi. Akaziondoa ita zangu mpya, akaiacha ile ya Kitu, na hakumtajia Mkuu jina langu. Hilo liliniudhi. Mtu hawezi kumchukia mpinzani kwa raha wakati anatendewa wema.

Halafu akanivuta pembeni, akasema nina bahati kompaila ilipiga kelele. Hatari kubwa ni pale inaponyamaza. Nikamuuliza, bila shauku yoyote, inanyamaza vipi. Akaeleza kwamba kuna njia mbili za kuagiza. Unaweza kuagiza kitu kimoja kimoja kwa jina, kama afanyavyo yeye, au ukaandika nyota moja ukaagiza kifurushi kizima kwa mkupuo. Na aliyeagizwa kwa jina humtangulia aliyekuja kwa nyota, hata kama huyo wa nyota anakijua kitu zaidi. Kama mlangoni kwenye sherehe, alisema, mwenye kadi ya jina lake huingia kabla ya wale waliokuja na kundi. Na kompaila haisemi kitu, kwa sababu kwake hakuna kosa.

Nikamshukuru. Nikamshukuru tena. Akanitazama kwa miwani zote mbili.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nilimwendea Mkuu mapema nikamwambia vichwa vya mafaili yetu ni aibu. Mistari chungu nzima ya kuagiza, ita hii, ita ile, kama kamba ya nguo za watu kumi. Nikajitolea kufanya usafi. Mkuu ni mtu wa usafi. Hupanga hata kalamu zake kwa urefu. Akasema nifanye.

Miwani alikuwa juu ya paa na fundi lifti, wanaunganisha nyaya. Mungu hamtupi mja wake.

Nikapita faili moja baada ya jingine. Mistari yote ya Miwani nikaifuta, nikaandika mmoja wenye nyota. Chini yake nikaacha wangu mmoja, kwa jina: Nguzo, ita. Mistari miwili tu, safi, inapendeza. Kisha nikaibonyeza kompaila huku nimefumba jicho moja.

Kimya. Hata herufi moja nyekundu haikutoka.

Tukaendesha majaribio. Lifti za majaribio si lifti za kweli, ni za kuigiza, hutazama tu kama zimejibiwa. Na ita yangu hujibu "sawa". Mitihani yote ikapita. Mkuu akasema hajawahi kuona mitihani ikipita kwa kasi namna ile. Na skrini! Nguzo ilipanda, ikakifikia kifurushi cha Miwani, ikakipita. Mkuu akasimama mbele yake muda mrefu, akasema "kumbe".

Miwani akapiga simu kutoka paani kuuliza kama tangu usafi kuna mtu amejaribu kwa lifti ya kweli. Nikamwambia lifti naipanda kila siku.

Jioni mama mkwe kafika, begi moja na maswali mengi. Hajavua hata viatu, akauliza nina watu wangapi chini yangu. Nikasema watano. Tulipokaa mezani akauliza ni nani huniomba ruhusa. Nikasema hao watano. Tulipokuwa tunakausha vyombo akauliza, na mimi humwomba nani? Nikasema hakuna. Wakati huohuo simu ikalia, Mkuu ananikumbusha nisichelewe kesho, nami nikajibu ndiyo mzee, sawa mzee, nimeelewa mzee. Mama mkwe akauliza ni nani. Nikasema ni mmoja wa watu wangu, tunaheshimiana. Mke wangu akatoka kwenda uani. Nilimsikia akicheka kwenye zulia.

Halafu mama akafungua begi akatoa shati. Jeupe, kola imesimama, limeshonwa kwa vipimo vyangu. Akasema ni la kesho. Nilipolivaa akarudi nyuma hatua moja, akanitazama, akanyoosha bega la kulia kwa kiganja. Hapo roho iliniuma kweli. Nilikaribia kumwambia. Nikasema tu ahsante mama, limenikaa.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Shati lilinikaa vizuri. Hilo liandikwe kwanza.

Ukumbi wa mapokezi ulijaa watu waliokuja kuona kazi yetu ikionyeshwa kwa mwenye jengo. Mwenye jengo ndani ya suti. Mkuu. Wapangaji wa ghorofa zote. Mama mkwe kiti cha mbele, mkoba magotini, mke wangu pembeni yake na uso wa mtu aliyelipa kiingilio. Dada wa mapokezi kwenye kompyuta. Miwani hakuwepo, alikuwa ghorofa ya nne akiangalia mitambo. Mimi nilisimama bega kwa bega na Mkuu, pale ambapo kiongozi angesimama.

Mkuu akamwomba dada wa mapokezi aite lifti. Akabonyeza. Tukangoja. Ndipo spika za jengo zima zikasema, kwa sauti ya kike laini niliyoichagua mwenyewe: Lifti namba mbili, lifti namba mbili, unaitwa mapokezi.

Tukaitazama lifti. Lifti haikuja. Kwenye kompyuta imeandikwa: sawa.

Dada akabonyeza tena. Ikaitwa tena, kwa adabu ileile. Mzee mmoja wa ghorofa ya pili akasema labda haijasikia, na hapo watu wakaanza kuvunjika mbavu. Mwenye jengo hakucheka. Mkuu akasema tuanze na taa basi. Taa za ngazi, taa za ngazi, unaitwa mapokezi. Ngazini giza totoro. Sawa, ikasema kompyuta. Kijasho chembamba kikaanza kuniteremka ndani ya shati. Mwenye jengo akataka kengele ya moto, sasa kwa sauti ya mtu anayehesabu kasoro. Kengele ya moto, kengele ya moto, unaitwa mapokezi. Mlinzi akasema basi siku tukiungua, kengele itaombwa ije ikipata nafasi.

Nataka ijulikane kwamba wakati wote huo, kule juu, skrini ilikuwa ikihesabu Nguzo, Nguzo, Nguzo. Nilikuwa nashinda.

Mama mkwe akachoka kungoja. Akainuka. Nilimwona anavyonitazama, nami nilikuwa natazama viatu, na nadhani akaelewa kwamba mkwewe amebanwa na anahitaji kufunguliwa njia. Akaenda mpaka kwa dada wa mapokezi, akasema kwa ile sauti yake ya mahakamani inayofika benchi la mwisho kwamba mambo yakiwa hivi hutakiwa mtu wa kuongoza, kwa hiyo aitwe kiongozi wa timu. Kisha akageuka akanitazama kwa fahari. Kwa fahari! Nikanyoosha kola. Nikapiga hatua moja mbele.

Dada akatafuta, akabonyeza.

Ikumbukwe kwamba ita yangu husoma jina kamili kama lilivyoandikwa. Na la kiongozi wa timu Mkuu alikuwa ameshaliandika kwenye kompyuta. Aliliandika tangu Jumatano, nimeambiwa baadaye, pale alipotoka na kijiko akaona viti vimegeukia wapi. Skrini, alisema, ilikuwa ya kututia bidii tu. Alikuwa anangoja mwisho wa maonyesho atangaze kwa hotuba.

Spika haikungoja hotuba. Ikataja majina yote matatu ya Miwani, taratibu, kwa ufasaha, kisha ikamalizia: kiongozi wa timu, unaitwa mapokezi. Jengo zima lilisikia. Barabarani pia, maana mlangoni kuna spika ya nje. Na ikarudia, maana niliiandika irudie ili pasiwe na mtu wa kusema hakusikia.

Nikabaki na mguu mmoja mbele.

Mama mkwe alinitazama mimi, akaitazama spika, akawa analinganisha. Nilitamani sakafu ifunguke. Cheo chenyewe sikukikumbuka hata kidogo. Nilichokuwa nakiona ni kile kiganja chake kikininyoosha bega.

Miwani akateremka ghorofa nne kwa ngazi zenye giza, akihema, miwani moja usoni na nyingine kichwani. Neno kiongozi hakulitilia maanani. Alisikia jina lake tu, akaja. Mkuu akamweleza kwa maneno mawili. Akasema ahsante, kisha akauliza tatizo ni nini. Akafungua faili la mapokezi, akatazama juu kabisa, akaiona nyota. Akaniona na mimi. Angeweza kunitaja mbele ya watu wote wale. Akasema tu kwamba kuna mistari ya kuagiza imepishana, wavumilie kidogo, akaketi akaandika majina moja moja, Lifti, Taa, Fundi, Kengele, kama yalivyokuwa mwanzo. Akabonyeza.

Lifti ikaja. Watu wakaipigia makofi kama bibi harusi.

Baadaye, mwenye jengo alipokuwa anapanda na kushuka kwa raha zake, mama mkwe akamsogelea Miwani. Akauliza mkwe wake anafanya nini hasa katika ofisi hii. Nilikuwa nimesimama palepale. Miwani akafikiri, akapangusa miwani, akasema huyu ndiye aliyetufanya sote tujue kwa nini tunaagiza kwa jina.

Nimeligeuza jibu hilo jioni nzima. Naamini ni sifa.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Asubuhi mama mkwe aliniita mezani. Chai mbele yake, chai mbele yangu. Nilijua kesi imeanza. Akauliza swali moja, na safari hii aliliuliza mara moja tu: kwa nini?

Nikamwambia ukweli wote, kuanzia duka la vioo. Akacheka mpaka akashika meza. Kumbe kule kwa mwenye vioo hunisifu mimi. Humwambia mwenzako yule anazungumza na mashine, wewe unauza tu kile ambacho watu hujitazamia. Ni mtindo wake. Ametuchokoza wote miaka yote hii ili tusilale. Na shati, akasema, halikushonewa cheo. Alilishona kwa sababu kila akiniona nimevaa shati la dukani mabega yananing'inia, husikitika.

Macho yakaniwasha. Nilisema ni vitunguu, ingawa hapakuwa na mtu anayepika.

Akaniambia mtu huitwa kwa kile anachokijua. Anayejitangaza kuwa anaweza chochote, ataitwa siku wenyewe wakikosekana. Nikasema hivyo ndivyo inavyosema kompaila. Akasema basi hiyo kompaila ilipata malezi. Nikaapa mbele yake, na mke wangu akiwa shahidi, kwamba sitasema uongo tena kuhusu kazi yangu. Niliapa kwa moyo wangu wote. Niliona wepesi wa ajabu, kama niliyevua viatu vya kubana.

Mchana Miwani kanitumia ujumbe. Ita yangu ya Kitu haikufutwa. Wapangaji wameipenda ile sauti, kwa hiyo ameiacha kwa ajili ya vitu visivyo na ita yao, hasa vilivyosahaulika. Leo imetumika mara moja. Mwavuli mweusi, mwavuli mweusi, unaitwa mapokezi. Mwenye mwavuli alikuwa ghorofa ya tano, akasikia, akashuka kuuchukua.

Nilifurahi kuliko ninavyotaka mtu ajue.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Mama mkwe alikuwa anasafiri leo. Begi lilikuwa limeshafungwa, limewekwa mlangoni.

Jirani yetu fundi cherehani akaja kumuaga. Akaliona shati kwenye kamba, akalipapasa kola, akalisifu, akauliza mkwe huyu anafanya kazi gani hasa. Mama mkwe akanisemea vizuri. Akasema ni fundi wa kompyuta, anajitahidi, basi. Inatosha. Nilijisikia inatosha kabisa. Nilikuwa mtu mpya, mwepesi, mkweli, nimeegemea mlango nikitabasamu.

Jirani akasema ajabu, mpwa wake naye ni fundi wa kompyuta. Kijana mdogo, ila tayari ana watu kumi chini yake.

Nikasikia sauti. Ilikuwa yangu. Ilikuwa inasema kwamba mimi ndiye msimamizi mkuu wa sauti katika majengo yote ya mwenye jengo.

Jengo ni moja.

Jirani akasema hilo lazima alione. Atamleta na mpwa, Ijumaa, nina nafasi? Nikasema ninayo. Mke wangu akavuta kiti akakaa. Mama mkwe akanitazama kwa kitambo, hakukasirika hata kidogo. Akaliinua begi lake, akalirudisha chumbani, akaanza kutoa nguo moja moja na kuzipanga kabatini. Alisema safari ni Jumamosi. Ijumaa ana kesi ya kusikiliza.

Nimekaa nikatafakari kwa unyenyekevu, na kosa langu sasa nalijua. Halikuwa nyota. Halikuwa hata spika. Lilikuwa ni kule kusoma jina kamili. Kesho asubuhi naanza kifurushi kipya. Kitapokea chochote, kitajibu "sawa", na hakitamtaja mtu.

Biskuti nimeshanunua.